Iris DeMent: Miaka 16 Bila ya Wimbo Mpya

Wasomaji wetu wenye kutunga wanaijua adha ya kuketi na kalamu, mizani ikakubali, vina vikakubali, lakini roho ikakataa. Wako wanaoliandika shairi hivyo hivyo almuradi limetimia, na wako wanaoiweka kalamu chini. Bi. Iris DeMent, mwimbaji wa Kimarekani wa muziki wa kantri, ni wa kundi hili la pili. Mwaka 1996 alitoa santuri ya nyimbo zake mwenyewe, na hakutoa nyingine ya namna hiyo mpaka mwaka 2012. Aliponyamaza alikuwa na umri wa miaka 35. Aliporejea alikwisha timia 51.

Muziki huo wa kantri si mgeni masikioni mwetu. Redio za nchi hii zimeupiga tangu siku za marehemu Jim Reeves, na wako wanaoitambua sauti yake hata kama maneno hawayafahamu. Ni muziki wa watu wa mashamba, nao husema juu ya mama na baba, nyumba iliyoachwa, mapenzi yaliyovunjika na mauti.

Bi. DeMent alizaliwa mwaka 1961 katika mji wa Paragould, jimbo la Arkansas, akiwa kitinda mimba katika watoto 14. Alikuwa na miaka mitatu tu pale jamaa zake walipohamia California kutafuta maisha. Walikuwa watu wa kanisa la Kipentekoste, na nyimbo za kanisa ndizo zilizokuwa chuo chake cha kwanza. Mamake, Bi. Flora Mae, alikuwa na ndoto ya kwenda kuimba katika jumba mashuhuri la Grand Ole Opry mjini Nashville. Ndoto hiyo haikutimia, lakini bintiye aliitungia wimbo, na katika santuri yake ya kwanza ya mwaka 1992, Infamous Angel, alimwita mama mwenyewe studioni akaimba naye.

Santuri ya pili, My Life, ilitoka mwaka 1994, naye akaitabarukia kwa babake aliyekuwa amefariki. Ya tatu, The Way I Should ya mwaka 1996, ilikuwa na maneno makali: katika wimbo mmoja aliwasuta wahubiri wenye tamaa, wanasiasa na wakubwa wa makampuni wanaojilimbikizia mali huku mfanyakazi akidhikika. Baada ya hapo, kimya.

Kimya hicho hakikuwa cha koo. Aliendelea kusafiri na kuimba mbele ya watu, na mwaka 1999 aliimba nyimbo kadhaa pamoja na John Prine katika santuri ya mtunzi huyo. Mwaka 2004 alitoa santuri ya nyimbo za kanisa za zamani, lakini humo wimbo aliotunga mwenyewe ulikuwa mmoja tu. Kilichokosekana ni maneno mapya. Mwenyewe ameeleza kwamba nyimbo hazikumjia kwa namna ya kumridhisha, naye hakutaka kuwauzia watu asichokiamini.

Tusilione jambo hili kuwa dogo. Katika biashara ya muziki huko Marekani, mwimbaji asiyetoa santuri huonekana amekwisha. Kampuni humsahau, redio humsahau, na vijana wapya huchukua nafasi. Mwenye jina kama lake angaliweza kuandika nyimbo kumi kwa mwezi mmoja, na watu wangalinunua kwa sababu ya jina tu. Hakufanya hivyo.

Liko tukio moja la miaka hiyo linaloonyesha alivyolichukulia neno. Mwezi wa Machi 2003, siku ambazo ndege za Marekani zilikuwa zimeanza kuipiga Iraki, Bi. DeMent alikuwa na onyesho mjini Madison, jimbo la Wisconsin. Watu walikwisha keti. Akapanda jukwaani, akawaambia kwamba hawezi kuimba usiku ule ilhali serikali yake inawaangushia watu mabomu, kana kwamba hapana lililotokea. Wako waliomwunga mkono na wako waliokasirika. Pengine waliokasirika walikuwa na haki yao, maana walikuja kusikiliza nyimbo. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba mama yule alifanya hivyo kwa faida yake.

Mwaka 2012 ndipo ilipotoka Sing the Delta, yenye nyimbo 12, zote za utunzi wake. Hakuitoa kwa kampuni kubwa bali kwa kampuni yake mwenyewe iitwayo Flariella. Jina la santuri lamaanisha ile nchi tambarare ya Arkansas iliyo kando ya mto Mississippi, nchi ya wazazi wake. Sauti ni ile ile, nyembamba, ya puani kidogo, na piano anaipiga kama inavyopigwa kanisani.

Wimbo unaoshika moyo zaidi humo ni ule wa mtoto anayemwomba Mungu amponye nduguye mdogo aliyeanguka, na nduguye asipone. Msomaji mwenye imani huenda akashtuka, kwani mtunzi anasimulia jinsi mtoto yule alivyoacha kuomba. Sisi tuliofundishwa kwamba dua haipotei tutalijibu jambo hilo kwa namna yetu. Hata hivyo huo si wimbo wa dhihaka. Ni kilio cha mtoto, na nani kati yetu hajazika mtu aliyemwombea? Wimbo wa namna hii hauandikwi kwa haraka ya kuwahi soko.

Tangu hapo chemchemi haikukauka tena. Mwaka 2015 alichukua mashairi 18 ya Anna Akhmatova, mshairi wa Kirusi aliyefariki mwaka 1966, yaliyofasiriwa kwa Kiingereza, akayatilia mahadhi. Sisi ambao kwetu shairi na sauti ni ndugu hatuoni ajabu hapo. Lakini tazameni aliyemchagua. Akhmatova naye alijua kimya, tena kimya cha kulazimishwa. Kwa miaka mingi serikali ya Kisovieti ilimzuia kuchapisha, na katika zama za Stalin rafiki zake walikuwa wakiyahifadhi mashairi yake kwa moyo, kisha karatasi ikachomwa moto. Mmoja alizibwa mdomo na dola, mwingine alijifunga mwenyewe akingojea neno la kweli. Wakakutana katika sauti moja.

Kisha mwaka 2023 ikaja Workin' on a World, iliyomchukua kama miaka sita kuikamilisha. Humo mna wimbo unaowasifu waliosimama upande wa haki, na kati ya waliotajwa yumo Rachel Corrie, yule msichana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 23 aliyeuawa na tingatinga la jeshi la Israeli mjini Rafah, Gaza, alipokuwa akijaribu kuzuia nyumba ya Wapalestina isibomolewe. Aliuawa tarehe 16 Machi 2003. Siku chache tu baadaye Bi. DeMent alisimama mbele ya watu wa Madison, akashindwa kuimba.

Ilimchukua miaka 20 kulitia jina hilo katika wimbo. Wepesi wa kutunga wangalilitia siku ya pili yake, na huenda leo wimbo wao usingalikumbukwa na mtu. Wake ungali unaimbwa.