Filamu, Mawe na Kaburi la Bwana: Kazi ya Simcha Jacobovici

Katika sharika zetu za Dodoma na nyanda za kati, mchungaji wa siku hizi hukutana na swali ambalo waliomtangulia hawakuulizwa: je, ni kweli kwamba mifupa ya Yesu imeonekana? Swali hilo haliletwi na wanachuoni. Laletwa na kijana aliyeitazama filamu katika simu yake, akaja nayo kwenye mafundisho ya kipaimara. Kwa hiyo twaona inafaa tueleze habari za mtu aliyeitengeneza na jinsi hoja zake zilivyojengwa.

Simcha Jacobovici alizaliwa Israeli mwaka 1953, akakulia Kanada. Yumkini wengi hawajui kwamba jina lake lilianza kusikika kwa habari za Afrika. Filamu yake Falasha: Exile of the Black Jews (1983) ilihusu Wayahudi wa Ethiopia, walioishika Torati kwa karne nyingi katika milima ya Gondar, na ambao wakati ule walikuwa katika taabu kubwa. Kati ya Novemba 1984 na Januari 1985 wapatao 8,000 walichukuliwa kwa ndege kutoka Sudan hadi Israeli. Hatusemi kwamba filamu ndiyo iliyowaokoa. Lakini ilikuwa mojawapo ya sauti zilizowatetea. Tena mashahidi wake walikuwa hai: waliweza kuulizwa, nao waliweza kukana.

Baadaye alizigeukia habari za Biblia. The Exodus Decoded (2006) ilijaribu kuunganisha mapigo ya Misri na mlipuko wa volkano ya Santorini, nayo haikupokelewa vema na wataalamu. Mwaka 2007 ikafuata The Lost Tomb of Jesus, ambayo James Cameron, mwongozaji wa Titanic, alikuwa mmoja wa watayarishaji wake. Hiyo ndiyo iletayo maswali.

Kaburi lenyewe lilifunuliwa mwaka 1980 huko Talpiot, kusini mwa Yerusalemu, wakati wa ujenzi wa nyumba. Ndani yake mlikuwa na masanduku kumi ya mawe. Ikumbukwe kwamba Wayahudi wa karne ya kwanza walimlaza maiti pangoni, na nyama ikiisha kuoza waliikusanya mifupa katika sanduku la namna hiyo, mara nyingi mifupa ya watu kadhaa pamoja. Sita kati ya hayo kumi yana maandishi, na miongoni mwa majina yamo Yesu mwana wa Yusufu, Maria, Yose, na Yuda mwana wa Yesu. Amos Kloner, mwanaakiolojia aliyechapisha taarifa ya kaburi hilo mwaka 1996, hakuona humo ajabu yoyote, na filamu ilipotoka aliyakataa madai yake.

Sababu yake ni nyepesi. Majina hayo yalikuwa ya kila mtaa. Mtu akipita katika makaburi ya usharika wowote wa hapa kwetu, akasoma Yohana, Maria na Yosefu juu ya misalaba, hatadhani amewapata watu wa Nazareti. Filamu ilijibu kwa hesabu ya takwimu, ikatangaza 600 kwa 1. Lakini hesabu ile ilisimama juu ya dhana kwamba jina moja la Kiyunani, lililosomwa Mariamene, ni la Maria Magdalene. Msomi Stephen Pfann aliyasoma maandishi hayohayo kuwa Mariamu na Mara, yaani wanawake wawili. Dhana ikianguka, hesabu nayo yaanguka.

Vivyo hivyo kipimo cha vinasaba. Kilionyesha tu kwamba mabaki ya sanduku la Yesu na yale ya Mariamene hayakuwa ya watoto wa mama mmoja. Filamu ikaruka kutoka hapo hadi kwenye ndoa, kana kwamba kaburini hakulazwa wakwe, binamu wala watoto wa mama wengine!

Watengenezaji walidai kwamba mifupa hiyo isingepinga ufufuo, kwa kuwa ungeweza kuwa wa kiroho. Hapa ndipo mchungaji asipite upesi. Hoja ya Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 15 haimwachii Mkristo njia hiyo, wala Ukiri wa Mitume tunaoukiri kila Jumapili, unaotaja ufufuo wa mwili. Kijana aelezwe wazi kwamba ingekuwa kweli, imani yetu ingeguswa. Kisha aonyeshwe, jina kwa jina na sanduku kwa sanduku, ni kipi kilichochimbwa na ni kipi kilichoongezwa.