Kuku wa Uani na Kanuni za Mji

Baada ya darsa ya wanawake mjini Kisii, mama mmoja mjane alibaki nyuma ya wenziwe. Akaniuliza kwa sauti ya chini: "Sheikh, nina kuku sita uani. Mayai yao ndiyo sukari na madaftari ya wanangu. Jirani asema kanuni za mji haziruhusu, afadhali niwachinje kabla askari hawajaja. Nifanyeje?"

Swali hilo laulizwa pia na mama zetu wa Mombasa na Malindi. Ila huko Gusii lina uzito wake: mashamba yamegawanywa baina ya warithi hata yamekuwa vipande vidogo, na aliyehamia mitaa kama Jogoo au Mwembe hana shamba ila ule ua wake.

Tuanze na dini. Kuku ni halali, na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) amesimulia kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila nyama yake. Hata jogoo tumekatazwa kumtukana, kwa kuwa huamsha watu kwa swala. Lakini Mtume huyo huyo ametuusia sana jirani, na ametukataza kudhuru. Basi banda likinuka hadi dirishani kwa mwenzio, malalamiko yake ni haki, hata kama mji hauna kanuni yoyote.

Ama sheria ya nchi, Katiba ya 2010 imezipa kaunti mamlaka juu ya ufugaji na udhibiti wa wanyama. Hata hivyo, Kifungu cha 199 chasema sheria ya kaunti haianzi kutumika mpaka ichapishwe katika Gazeti la Serikali. Kanuni nyingi za zamani zilitungwa na mabaraza ya miji chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, nayo iliondolewa mwaka 2013 kaunti zilipoanza kazi. Kwa hiyo mama akijiwa, aulize kwa adabu: kanuni hiyo ni ipi, ilitungwa lini, na maneno yake ni yapi? Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kwa mfano, haiharamishi kufuga ndege. Inachokikataza ni banda lililojengwa au kutunzwa kwa namna ya kuudhi au kuhatarisha afya.

Na ikithibitika kwamba kanuni ipo na yakataza kabisa, tuitii huku tukiomba ibadilishwe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, vifungu vya 15 na 88, yampa mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti na kwa serikali yake. Jambo hili lina mfano: Nairobi ilipitisha mwaka 2015 sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Ilichagua kuweka taratibu badala ya kufunga mlango.

Ombi liandikwe na kina mama kwa pamoja, lipendekeze mambo yanayopimika: idadi ya kuku kwa kila ua, umbali wa banda na ukuta wa jirani, usafi wa kila siku, chanjo ya mdondo, na kuku kutozurura njiani. Sahihi ya jirani aliyelalamika, ikipatikana, ina uzito kuliko sahihi kumi za jamaa.

Nilimwambia yule mama asichinje kwa hofu, wala asishindane kwa ukaidi. Kwanza alisogeze banda mbali na ukuta, samadi aifukie kwenye chinsaga yake, kisha ampelekee jirani mayai mawili matatu na kumwuliza kinachomkera hasa. Akishayafanya hayo, aende kuiuliza hiyo kanuni. Mwenye kudai haki yake hali amekwisha kutoa ya mwenziwe, husimama mbele ya mkubwa yeyote bila ya kutetemeka.

Wabillahi tawfiq.