Masomo Yamo Ndani ya Kadi, Mbona Simu Inakataa Kuyafungua?



Leo tuzungumze juu ya jambo dogo ambalo karibu livunje kikundi chetu hapa Ekero. Huenda na ninyi limewapata, au liko njiani laja.

Sisi ni watu 22, wengi wetu kina mama wanaolima miwa na mahindi. Likizo ya Agosti ilipokaribia tuliamua watoto wetu wasikae bure. Kila mtu akatoa shilingi mia. Tukanunua memori kadi mbili, tukamtuma kijana wetu mmoja kwa boda boda hadi saiba ya Mumias. Alijaza video za hesabu, hadithi za watoto, na kile kitabu kikubwa cha maarifa ambacho husomwa kwa programu yake maalum.

Siku ya kuanza, watoto kama thelathini walikaa chini ya mwembe nyumbani kwa mama mmoja. Tukatia kadi kwa simu mpya ya mweka hazina. Video zikacheza vizuri. Lakini kitabu kikubwa, hakuna! Simu ikasema haioni kitu. Tukajaribu simu ya pili, mpya pia. Hakuna. Ndipo mzee mmoja akatoa simu yake kuukuu, kioo kimepasuka. Ikafungua kila kitu.

Hapo maneno yakaanza. Wengine walinong'ona kwamba kijana alikula pesa, akajaza kadi nusu. Wengine wakasema mweka hazina aliuziwa simu bandia. Kijana alisema hatakuja tena mkutanoni. Kumbe hakuna aliyekosa! Kijana alifanya kazi yake, kadi ilikuwa nzima, na simu zilikuwa nzima. Tulikosa kitu kimoja tu: kujua jinsi simu za siku hizi zinavyofunga milango yake.

Kwa nini simu mpya inakataa?

Simu nyingi tunazotumia vijijini zinaendeshwa na mfumo uitwao Android, wa kampuni ya Google. Ili kuelewa, hebu fikiria ploti ya nyumba za kupanga pale sokoni.

Zamani, mpangaji akishapewa ufunguo wa geti, ufunguo huo ulifungua vyumba vyote. Programu yoyote iliyoomba ruhusa ya kuingia kwenye hifadhi ya simu, na wewe ukakubali, iliweza kuchungulia faili nyingi mno. Hata programu ya tochi tu! Ingeweza kuona picha za familia, barua zako, hata picha ya kitambulisho uliyopiga. Watu wabaya walitumia nafasi hiyo.

Kwa hivyo kufuli zikabadilishwa. Kazi ilianza na toleo la Android 10 mwaka 2019, na sheria ikakazwa katika toleo la 11 mwaka 2020. Sasa kila programu ina chumba chake na ufunguo wake. Haiingii chumba cha jirani. Kuna pia ua wa pamoja. Picha, video na nyimbo zilizo uani huonekana na programu yoyote uliyoipa ruhusa. Lakini faili za aina nyingine, kama vitabu na masomo, programu haiwezi kuzitafuta yenyewe. Ni mpaka wewe mwenye nyumba uishike mkono na kuionyesha: faili ni hii hapa.

Sasa mmeona? Ndiyo sababu video zetu zilicheza na kitabu kikakataa. Na simu ya mzee ilifungua kwa sababu ni ya zamani, bado ina zile kufuli za kwanza.

Tena kuna sheria ya pili. Programu inayowekwa katika duka la Google, yaani Play Store, hairuhusiwi kuomba kuona faili zote isipokuwa kwa sababu maalum zinazokubaliwa na duka. Mfano ni Kiwix, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2007, ambayo hukuwezesha kusoma Wikipedia nzima bila mtandao, pamoja na ile ya Kiswahili. Kwa sababu ya sheria hiyo, Kiwix ya Play Store imebanwa. Watengenezaji wake hutoa toleo lingine kamili katika tovuti yao wenyewe, na hilo ndilo lina ruhusa pana ya kusoma faili zilizoletwa kwa kadi.

Je, sheria hii ni mbaya?

Hapana. Hakuna anayetaka programu ya mchezo isome siri zake. Lakini tuseme ukweli: mwenye mtandao mchana na usiku haumizwi nayo. Faili ikikataa, anapakua nyingine, mambo yameisha. Sisi tunaonunua bando kidogo kidogo, na kulipa kuchaji simu sokoni, faili moja ni mali. Kadi inayopita mkono kwa mkono ndiyo maktaba yetu. Mlango wake ukifungwa, mtoto wa mjini hasikii chochote. Wa kwetu anakosa somo.

Mnakumbuka Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa sababu ya korona. Watoto wengi hawakurudi darasani mpaka Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao. Nyumba isiyo na redio wala bando ilibaki kimya. Akiba haiozi, wahenga walisema, na masomo yaliyohifadhiwa ni akiba pia. Lakini ni lazima iwe akiba inayofunguka!

Mambo sita ya kuzingatia

1. Jueni simu zenu. Ingia kwenye setingi, sehemu ya kuhusu simu, utazame toleo la Android. Likiwa la 10 au zaidi, tegemea kufuli mpya. Mwandishi wa kikundi aandike toleo la kila simu daftarini.

2. Onyesha faili kwa mkono wako. Ndani ya programu tafuta pale panaposema fungua au chagua faili, kisha uende mwenyewe hadi faili ilipo. Usingoje programu iitafute. Vitabu vya kawaida vya PDF hufunguka hivyo bila shida.

3. Usifute programu ovyo. Masomo mengi yaliyopakuliwa ndani ya programu hukaa katika chumba chake. Ukiifuta ili upate nafasi ya picha, chumba kinabomolewa na vyombo vyote vimo ndani. Vivyo hivyo, video uliyoihifadhi ndani ya YouTube hubaki humo humo. Huwezi kuihamisha kwa kadi ukampa jirani.

4. Jihadhari simu inapokuuliza juu ya kadi mpya. Baadhi ya simu huuliza: kadi hii iwe ya kuhamishika, au iwe sehemu ya simu? Chagua ya kuhamishika. Ukiifanya sehemu ya simu, kwanza itafutwa, halafu itafungwa kwa siri ya simu hiyo moja. Kwa simu nyingine haitasomeka. Kadi ya kikundi isifanywe hivyo kamwe.

5. Angalia ukubwa wa faili. Kadi za GB 32 kwenda chini kwa kawaida hupangwa kwa mtindo usiokubali faili moja kupita GB 4. Kadi inaweza kuwa tupu kabisa na bado ikakataa faili kubwa. Mwambie mtu wa saiba mapema, achague faili ndogo au kadi kubwa zaidi.

6. Jaribu kabla ya kulipa. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Ukiwa bado saiba, tia kadi kwa simu itakayotumika, bonyeza ile alama ya ndege ili mtandao ukatike, kisha fungua kila somo. Likifunguka hapo, litafunguka chini ya mwembe. Yule kijana wetu alijaribu kwa kompyuta ya saiba peke yake. Kwenye kompyuta kila kitu kilikuwa sawa.

Onyo moja tena. Programu ya kutoka nje ya Play Store ichukuliwe kwa wenyewe walioitengeneza, katika tovuti yao. Usikubali ile inayozunguka kwa WhatsApp bila kujua imetoka wapi. Kuna wezi wanaovaa majina ya wengine.

Njia nyingine: kompyuta moja kwa watu wote

Kuna njia ya kuepuka shida hii yote. Shirika la Learning Equality lilitoa mwaka 2017 programu ya bure iitwayo Kolibri. Inawekwa kwa kompyuta moja, hata ya mkononi iliyotumika. Masomo yote hukaa humo, na yanaweza kuletwa kwa flashi. Kompyuta ikiunganishwa na kifaa cha Wi-Fi, simu zilizo karibu husoma masomo hayo bila bando hata shilingi. Simu haibebi faili yoyote, inafungua ukurasa tu kama wa intaneti. Basi hakuna faili ya kuonyesha, wala ruhusa ya kuomba. Kolibri imetumika kule Kakuma, katika kambi ya wakimbizi ya Turkana, mahali ambapo mtandao ni wa shida kuliko kwetu.

Ni kweli kompyuta ni ghali kwa kikundi kimoja. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Vikundi vitatu au vinne vikichanga, na shule ya msingi iliyo karibu ikitoa chumba na umeme, jambo linawezekana.

Kwa watoto wadogo kuna African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, wenye hadithi za picha za bure katika lugha nyingi za Afrika. Ziko za Kiswahili, ziko za Lubukusu, na hata za Oluwanga, lugha ya mama kwa watoto wengi wa hapa. Zinaruhusiwa kuchapwa na kugawanywa. Lakini vitabu vya shule vinavyouzwa dukani vina wenyewe. Msivinakili bila ruhusa.

Na sisi je?

Kijana wetu tulimwendea nyumbani, mweka hazina akiwa wa kwanza kumwomba radhi. Alirudi Mumias akachukua toleo kamili la ile programu kwa wenyewe, na safari hii alijaribu kwa simu mbili, alama ya ndege ikiwa imewashwa. Jumamosi iliyofuata watoto walisoma juu ya moyo na jinsi unavyosukuma damu, na mama mmoja akasema hata yeye hakujua. Katika kumbukumbu za mkutano tuliandika hivi: kabla ya kumlaumu mtu, tukague kifaa.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kati ya simu zetu, ni ngapi zina Android ya 10 na zaidi?
2. Ni nani atakayetunza kadi ya kikundi, na nakala yake ya pili itakaa kwa nani?
3. Ni masomo gani watoto wetu wanayahitaji zaidi likizo ijayo?
4. Kuna kikundi jirani au shule ambayo tungeweza kushirikiana nayo kupata kompyuta moja?

Jadilianeni, jaribuni, kisha mtuandikie mlivyofaulu na mlipokwama, ili wengine nao wajifunze.