Kihariri Kinapokataa Kufunguka (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi Emacs, kihariri cha maandishi ambacho mradi wa GNU ulianza kukiunda mwaka 1984, kilivyopata katika toleo la 24 la mwaka 2012 uwezo wa kujiletea mafurushi ya nyongeza kutoka maghala ya mbali. Leo nazungumzia taabu iliyoandamana na neema hiyo, ambayo wengi wetu wa Handeni na Korogwe twaijua kwa sura ilhali asili yake hatuijui.

Mwezi uliopita kijana mmoja, mwalimu wa Handeni, alipanda basi akaja Korogwe na kompyuta yake mapajani. Baada ya shikamoo na marahaba akaniambia, "Mzee, faili la kuanzia ni lile lile, herufi kwa herufi. Kwenye kompyuta ya zamani kilifunguka, kwenye hii kimegoma."

Tukakifungua kwa amri emacs --debug-init, ambayo hukitaka kihariri kionyeshe mahali hasa kilipokwama, tukasoma "Cannot open load file", kisha jina la furushi, markdown-mode. Maana yake ni kwamba faili la kuanzia, yaani init.el, limeagiza furushi hilo lipakiwe, na furushi lenyewe halimo. Nikafungua folda ya elpa, ambamo kila furushi lina chumba chake chenye jina na tarakimu za toleo: alihitaji mafurushi kumi na moja, yakawamo manne. Faili alilihamisha kwa flashi, mafurushi akayaacha nyuma, na usiku alipojaribu kuyapakua bando likamwishia njiani.

Hapa ndipo wengi hupotea. Kihariri hulisoma faili hilo tangu juu hadi chini, na kikikutana na hitilafu husimama papo hapo, hata yote yaliyoandikwa chini yake, ijapokuwa ni mazima, yasisomwe kabisa. Kijana alikwisha kufuta mistari ya rangi na ya ukubwa wa herufi akidhani ndiyo mibovu, kumbe ubaya ulikuwa katika mstari wa tisa. Kwa hiyo kabla ya kufuta lolote, afadhali mtu afungue kwanza kwa emacs -Q, ambayo haisomi faili la kuanzia wala haiamshi mafurushi. Kikifunguka salama, programu yenyewe haina dosari.

Sababu nyingine zipo. Ufunguo wa kuhakiki mihuri ya ghala la GNU ulikwisha muda wake mwaka 2019, na wenye matoleo yaliyotangulia 26.3 wakakataliwa mafurushi halali kabisa. Kadhalika tangu toleo la 27 mafurushi huamshwa kabla init.el haijasomwa, hivyo mstari wa kale wa package-initialize huleta onyo, nao waweza kufutwa bila hofu.

Lakini lililonisikitisha zaidi ni mstari wa package-refresh-contents, uliowekwa juu kabisa na mtu ambaye, naamini, hajapata kuishi mahali umeme hukatika na mtandao ukafuata, ukiamuru orodha za maghala ziletwe upya kila kihariri kifunguliwapo. Kupakua ni kazi ya siku moja moja, bando likiwapo. Kufungua ni kazi ya kila asubuhi, nayo haifai kuutegemea mtandao hata kidogo. Nikauondoa, nikamwelekeza autoe amri hiyo kwa mkono wake siku ile tu anapotaka furushi jipya.

Kompyuta ya zamani ilikuwa kwa dada yake, hapa hapa Korogwe. Akaenda, akarudi na folda nzima ya elpa katika flashi, na kwa kuwa matoleo ya Emacs katika mashine zote mbili yalikuwa sawa, hatukulazimika kuyatayarisha mafurushi upya. Tukanakili, tukazima mtandao kwa makusudi, tukafungua: maandalio yake ya somo la Jiografia yakatokea, vichwa vya habari kwa rangi yake ile ile. Flashi aliifunga katika leso akaitia mfuko wa ndani wa koti, akawahi basi la saa tisa.