Kuulinda Mshipa Uliotengenezwa: Ulinganisho wa Mbinu za Kupiga Picha

Kimya kingi kina mshindo mkuu, wasema wahenga. Methali hii inasadifu hali ya uvimbe wa aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni. Uvimbe huu si jipu wala saratani. Ni ukuta wa mshipa uliolegea ukatuna kama puto. Tumboni, aota ya mtu mzima huwa na kipenyo cha takribani sentimita 2. Ikifikia 3, huhesabiwa kuwa imevimba. Aghalabu mgonjwa hahisi lolote mpaka ipasuke. Mwaka wa 1948, daktari Rudolph Nissen aliuzungushia uvimbe wa Albert Einstein selofani ili kuuimarisha. Mnamo Aprili 1955 uvimbe uo huo ulipasuka, naye akafariki.

Mwaka wa 1990, mjini Buenos Aires, Juan Parodi na wenzake walianza kuutibu uvimbe wa tumboni bila kulipasua tumbo. Bomba la kitambaa lenye fremu ya chuma hupitishwa kinenani na kutandazwa ndani ya aota, ili damu ipite humo na ukuta dhaifu upunguziwe shinikizo. Hata hivyo, uvimbe wenyewe huachwa papo hapo. Damu yaweza kupenya tena kando ya bomba au kupitia vijishipa vya pembeni. Tukio hilo makala haya yanaliita mvujo. Ndiyo maana mgonjwa hufuatiliwa kwa picha miaka mingi. Je, kwa mbinu ipi?

Ya kwanza ni skani ya CT. Hii huonyesha kwa uwazi bomba lote, mahali lilipokaa na chanzo cha mvujo. Kasoro zake ni mbili: hutumia miale ya eksirei, ambayo madhara yake hulimbikizana, na dawa ya kung'arisha mishipa, ambayo yaweza kuzidhuru figo zilizo dhaifu.

Ya pili ni ultrasaundi, itumiayo mawimbi ya sauti. Ni nafuu, haina miale, na huonyesha mkondo wa damu unavyokwenda. Lakini unene wa mwili na gesi ya matumbo huififisha picha, na ubora wake hutegemea ustadi wa mpimaji. Viputo vidogo vya gesi vikidungwa mshipani, uwezo wake wa kugundua mvujo huongezeka, bila kuzidhuru figo.

Ya tatu ni MRI, itumiayo sumaku. Hunasa hata mivujo hafifu bila eksirei. Hata hivyo, ni ghali, na mabomba yenye chuma cha pua huharibu picha zake.

Basi, kuuliza ipi bora bila kutaja swali linalotakiwa kujibiwa ni kupotoka. Kama swali ni iwapo uvimbe unakua, ultrasaundi yatosha mara nyingi. Kama swali ni damu inavujia wapi na bomba litarekebishwaje, CT haina budi. Kwa hiyo madaktari wengi huanza na CT katika mwezi wa kwanza. Pasipo mvujo, huendelea na ultrasaundi. Uvimbe ukiongezeka milimita 5 au zaidi, hurejea kwenye CT.

Hata hivyo, hakuna mashine imfaayo mgonjwa asiyerudi kliniki kwa kuwa ajiona mzima. Uzima huo ndio kimya walichotuonya wahenga.