Karo ya Uuguzi na Kiwanja cha Koplo

"Afande, niuze kiwanja nimsomeshe binti uuguzi?" Koplo mmoja aliniuliza hivyo sokoni Kalerwe, si mbali na Hospitali ya Mulago.

Masomo ya cheti huchukua miaka miwili na nusu, na shule ya binafsi hudai karo kila muhula, mbali na sare na nauli za mazoezi ya wodini. Mwaka 2022 Serikali iliongeza mishahara ya wauguzi wake. Hata hivyo nafasi hazitoshi wahitimu, na wengi huanzia zahanati za mitaani kwa ujira mdogo.

Nilimshauri kwanza aulize Baraza la Wauguzi na Wakunga kama wahitimu wa shule ile husajiliwa, kwani bila usajili hakuna ajira halali. Kiwanja kingoje. Akasema ataomba ruhusa Jumatatu.