Kituo cha burudani kando ya ziwa Uvira: nani aulizwe kabla ya ukuta kujengwa?



Tunapozungumzia mizozo ya ardhi katika eneo la Uvira, akili zetu hukimbilia mara moja Uwanda wa Ruzizi: shamba na malisho, mkulima na mfugaji, mipaka ya sheferi. Kando ya ziwa hatupaangalii sana. Lakini ni mahali pembamba, panapotakiwa na watu wengi kwa wakati mmoja, na thamani yake inapanda kila mwaka.

Kutoka Uvira usiku mtu anaona taa za Bujumbura ng'ambo ya maji. Kule kuna mahoteli na mabaa kwenye mchanga, na wakaaji wengi wa Uvira wenye uwezo walizoea kuvuka mpaka wa Kavimvira siku ya Jumapili kwenda kupumzika huko. Ndiyo maana wazo la kujenga kituo cha burudani upande wetu linarudi tena na tena: pisini, ukumbi wa harusi, mgahawa, mahali pa watoto kuchezea. Wazo hilo si baya. Mji wenye vijana wengi namna hii unahitaji mahali pa kupumzikia, na kazi za upishi, ulinzi na usafi zingesaidia familia nyingi. Makala haya hayahusu mradi wa mtu fulani. Yanaeleza sheria inataka nani aulizwe kabla ya mradi kama huo kuanza, na kwa nini mjini Uvira kuuliza huko kuna uzito kuliko mahali pengine.

Tuanze na wale ambao tayari wako pale. Wavuvi wanatoka jioni na taa zao na kurudi alfajiri. Wakifika, wamama wanaonunua ndakala na mikeke wanawangoja mchangani na mabeseni. Ndakala zinaanikwa hapo hapo, nyavu zinashonwa hapo hapo, mitumbwi inavutwa nchi kavu hapo hapo. Watu wanafua nguo, wanaoga, wanateka maji. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye hati ya mahali hapo, kwa hiyo kwenye ramani ya mpimaji panaonekana patupu. Ukuta wa mita mia moja ukijengwa, mvuvi atazunguka na injini begani, na mama wa ndakala atapoteza uanikaji wake bila mtu yeyote kuona kwamba amenyang'anywa kitu.

Jambo la maji ya kuteka lisipuuzwe. Kipindupindu hakijatoka Uvira kwa miaka mingi. Utafiti juu ya mji huu uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, wagonjwa wanaopokelewa kwa ugonjwa wa kuharisha huongezeka katika siku zinazofuata, kwa sababu watu hurudi kwenye ziwa na mito. Basi vyoo vya kituo cha burudani vitamwaga wapi uchafu wake? Swali hilo ni la afya ya kartie nzima, na mwenye mradi hawezi kulijibu peke yake.

Sasa sheria. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali. Mtu binafsi anapewa haki ya kuutumia. Sheria hiyo hiyo ilitenga ukanda wa mita 10 kando ya maziwa na mito inayopitika kwa vyombo, uwe wa umma. Ukanda huo hauuzwi. Mwenye parseli nyuma yake hana ruhusa ya kuufunga kwa geti, hata kama amelipa kila karatasi aliyodaiwa. Watu wengi tunaozungumza nao katika vikao vya upatanisho hawajawahi kusikia habari ya mita hizo 10, na baadhi ya waliouziwa viwanja hawakuambiwa pia.

Lakini mita 10 kutoka wapi? Hapa ndipo shida yetu inapoanza. Sheria ilisema zihesabiwe kutoka mstari wa juu ambao maji hufikia katika majira yake ya kawaida ya kujaa. Ziwa Tanganyika lina tabia ya kubadilisha kile tunachokiita kawaida. Stanley alipopita mwaka 1876 alikuta njia ya Lukuga, ambayo ndiyo mlango pekee wa kutokea maji ya ziwa hili, imezibwa na matope na mimea. Miaka michache baadaye maji yalikuwa yamejifungulia njia, na ziwa likashuka mita kadhaa. Katika miaka ya 1960 lilipanda tena, na wazee wanakumbuka. Halafu likarudi nyuma, mji ukateremka kulifuata, na kizazi kizima kikajenga nyumba mahali ambapo babu zao walifunga mitumbwi. Mwaka 2021 maji yalirudi, na mwaka 2024 yakapanda zaidi: nyumba zikaingiliwa Kilibula, Rombe, Kalundu na Kavimvira, na hali kama hiyo ikaonekana Baraka, Kalemie na Gatumba.

Mtu wa mbali anaweza kusema, mita moja ya maji ni kitu gani? Afanye hesabu. Mahali ambapo ardhi inainuka mita 2 katika kila mita 100, maji yakipanda mita 1 yanakula mita 50 za nchi kavu. Katika mji uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na ziwa, mita 50 ni mistari kadhaa ya nyumba.

Fikiria basi mama aliyekuwa na nyumba na hati yake, akaondoka mwaka 2024 maji yalipomfikia dirishani. Maji yakishuka, parseli yake inaonekana kama kiwanja kitupu cha mchanga, kizuri kwa pisini. Ni yake bado, ni ya umma, au ni ya yule aliyeandikiwa upya? Kama mstari ukipimwa kwa alama ya 2024, uwanja wake wote unaweza kuingia katika ukanda wa umma. Ukipimwa kwa alama ya mwaka wa maji machache, mradi utajengwa mahali ambapo ziwa litarudi. Mpimaji mmoja na karani mmoja wakikata jambo hilo ofisini bila mashahidi, wamepanda mzozo ambao sisi wa upatanisho tutauvuna kwa miaka ishirini.

Kuna pia mito. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilifurika na kuua makumi ya watu, ikabomoa maelfu ya nyumba. Mito yetu inashuka kwa kasi kutoka milimani na mawe na matope, na inahitaji nafasi ya kumwaga. Mwenye kituo akileta udongo kuinua kiwanja chake na kuzungusha ukuta, maji hayapotei. Yanaenda kwa jirani asiye na ukuta. Na jirani huyo ana macho, anajua yametoka wapi.

Kwa sababu hizo sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 (namba 11/009) inadai kwamba mradi wenye uwezo wa kudhuru mazingira ufanyiwe kwanza uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii, kwa gharama ya mwenye mradi, na kwamba wananchi wahojiwe kwa uchunguzi wa hadhara kabla ya uamuzi. Taarifa ya athari inapitiwa na Wakala wa Kongo wa Mazingira, ACE. Nchi nne za ziwa, yaani Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa pamoja Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na ushiriki wa wananchi umo katika kanuni zake. Upande wa Burundi sheria ya maji ya 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kutoka ziwani. Ziwa ni lile lile, mawimbi ni yale yale, lakini huku tunahesabu 10 na kule 150. Kuandika 150 ni rahisi kuliko kuzilinda, majirani zetu wanalijua hilo vizuri. Hata hivyo namba yao iko karibu zaidi na tabia ya ziwa kuliko yetu.

Uchunguzi wa hadhara si kikao cha asubuhi moja hotelini, chenye chai, orodha ya kutia saini na pesa ya usafiri. Tumeona vingi vya namna hiyo, na majina yaliyosainiwa hugeuka baadaye kuwa ushahidi kwamba "wananchi walikubali". Watu wapewe ramani na muda wa kuisoma, maelezo yawe kwa Kiswahili na si kwa Kifaransa tu, pingamizi ziandikwe kama zilivyotamkwa, na mwenye mradi ajibu kila moja. Mwami na wazee wa Bavira waitwe, lakini wasiwe peke yao. Wavuvi na wamama wa ndakala wana viongozi wao.

Zanzibar imepitia pande zote mbili za jambo hili. Bustani ya Forodhani, mbele ya Mji Mkongwe, ilitengenezwa upya na mfuko wa Aga Khan na kufunguliwa mwaka 2009. Ukuta wa bahari ulijengwa tena, na wauza vyakula vya jioni walipangiwa nafasi ndani ya mpango wenyewe. Watu wanaendelea kuingia bila tiketi. Si mbali na hapo, Shangani, jengo la kale la Mambo Msiige lilifanywa hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015. Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO iliulalamikia mradi huo, lakini mabishano yaliendelea huku kuta zikipanda. Jengo likishasimama, anayepinga anabaki na barua tu mkononi.

Kwetu kuna ugumu mwingine ambao Zanzibar haikuwa nao. Desemba 2025 M23 iliingia Uvira, na maelfu ya wakaaji wakavuka kwenda Burundi. Tangazo la uchunguzi wa hadhara likibandikwa mjini wakati nusu ya wenye nyumba za kando ya ziwa wako kambini, kimya chao kitasomwa kama kibali. Ombi letu kwa ofisi za ardhi, kwa meya na kwa yeyote mwenye fedha ya kujenga ni kwamba muda wa pingamizi kwa parseli za ukingoni usianze kuhesabiwa mpaka tangazo liwafikie waliokimbia pia, kwa redio na kwa kamati za wakimbizi. Wakati huo huo vijana wa kila kartie wanaweza kufanya kazi ndogo isiyohitaji mfadhili: kupita na mzee mmoja na kopo la rangi, kuweka alama ukutani mahali maji yalipofika 2021 na 2024, na kuandika katika daftari nani alikuwa akiishi nyuma ya kila ukuta.